Ufutio

Stesheni ya Aomori, chumba cha mwisho, karibu na choo:
hapa huletwa vilivyosahauliwa.
Miavuli. Miavuli tena.
Glovu ya mkono mmoja.
Meno ya bandia ndani ya leso,
na siku moja filimbi ya mtoto, bado ina mate.
Naandika daftarini tarehe, treni, kiti.
Simu ikilia,
moyo hutoka mbio kabla mkono haujaifikia.

Hakuna aliyenitisha. Hilo ndilo gumu kulieleza.
Ni mtu tu, anaulizia mwavuli,
nami kijasho chembamba, vidole ganzi,
hewa imejaa chumba kizima
isipokuwa kifuani mwangu.
Daktari aliipa hali hii jina, akaongeza na vidonge.
Vidonge nameza, sikatai.
Lakini saa tisa za usiku
jina halina mikono.

Bi Kuwabara wa usafi ndiye aliyenipa ufutio,
ule mweupe wa watoto wa shule,
na kiwembe chenye mpini wa mbao.
"Chonga," akasema. "Chochote.
Mimi nilianza na kiazi kitamu, mume wangu alipolazwa."
Kisha akaendelea kupiga deki.

Kiwembe hakina budi kupita mbali na kidole gumba,
na kwa kuwa nakipenda kidole changu
siwezi papo hapo kuiwazia kesho.
Ukanda wa raba unajikunja, unadondoka,
pumzi inaingia bila kuitwa
kama paka wa jirani
aliyekuta mlango umerudishwa tu.

Nilichonga mwavuli, ukatoka popo.
Nilichonga glovu, nikasahau kwamba muhuri hugeuza:
niliyoichonga ya kushoto
ikaanguka karatasini ya kulia.
Niliitazama sana ile glovu.
Nikachonga nyingine, makusudi, kinyume chake,
nikazigonga pamoja, wino mmoja.
Daftari langu lina miaka tisa
na hiyo ndiyo jozi yake ya kwanza.

Na huu ufutio, ulioumbwa ule makosa,
makosa yangu umeyahifadhi yote:
hapa kiwembe kiliteleza,
hapa nilikuwa nalia.

Sitadanganya kwamba nimepona.
Jumanne ilinikamata kwenye ngazi za stesheni,
theluji ndani ya viatu, watu wakinipita
kama maji yanavyolipita jiwe.
Mfukoni nilikuwa na muhuri wa filimbi, mdogo kama jino.
Nikaupapasa kwa ukucha. Mtaro, tuta, mtaro.
Matundu sita, la nne limekwenda upande.
Nikalirudia la nne.
Nikalirudia la nne.
Hofu haikuondoka; ilisogea kidogo,
ikabanana nami pale ngazini,
na mguu ukapata pa kukanyaga.

Leo Bwana Onodera amelifungua daftari.
Pambizo zimejaa mihuri. Nilijua nitakaripiwa.
Akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Huyu popo," akauliza, "alipotea treni gani?"

Simu inalia.
Mkono wa kushoto umeushika ufutio.
Wa kulia unatetemeka, nauona, unanyanyua.
"Nimepoteza mwavuli," sauti inasema, sauti ya mzee.
Mweusi, anasema. Wa kawaida tu.
"Subiri kidogo," namwambia, "nieleze mpini wake,"
na ncha ya kiwembe
tayari inatafuta pa kuanzia.