Mwiko na Mwiko

Nilikuwa nao mmoja, wa mwaloni,
mrefu kuliko mkono wangu, mweusi kwa moshi.
Nao nilikoroga shayiri siku tatu,
kilima cha Drumarda chote kikinuka chachu,
kwa kuwa Fergna mwana wa Becan alikuwa anaolewa.
Naam, anaolewa. Kwetu mfalme ndiye huolewa;
nchi ndiyo inayooa.

Mwenye Mto alikuja alfajiri, bila viatu,
matope hadi magotini, samoni mmoja
angali anapumua katika pindo la joho lake.
Jina lake silitaji. Mwenye kiu hatukani kisima.
Alionja pombe yangu, akakunja uso,
akasema, "Haijambo."
Nikajivuna mwaka mzima.

Ndipo akampa Fergna kikombe, na mwiko:
"Usihesabu ng'ombe wako jua likishazama."
Basi. Watu wakacheka chinichini.
Tulitarajia jambo zito zaidi.

Miaka tisa. Maziwa yalitushinda, tukawapa nguruwe.
Hata mawe ya Drumarda yaliota manyoya ya kijani
kama vifaranga.
Hakuna aliyeuliza bei.

Mwaka wa kumi, usiku wa barafu, minong'ono:
watu wa kaskazini wamevuka kivuko.
Fergna akashika mwenge, akaingia zizini
akinyoosha kidole, moja, mbili, tatu,
na nani angemlaumu? Mwenye mali halali.
Walikuwa mia saba; aliwajua kama ajuavyo meno yake.
Akafika mia saba na moja.
Mweupe, masikio mekundu,
akimtazama kama mke anavyomtazama mume
aliyemfumania akipekua mkoba wake.

Asubuhi mto ulikuwa umehama.
Uliacha kokoto, na kiatu cha mtoto.
Kidole cha kuhesabia kilikauka kama kijiti,
na mfalme mwenye ila hasimami juu ya jiwe,
hiyo ni sheria.
Waganga wakakifunga kwa sufu ya zambarau,
wakasema ni pambo. Vijana wa barazani
wakafunga vyao pia.

Mimi ndiye niliyempelekea kikombe.
Alikipokea kwa mkono wa kushoto.
Tukatazamana. Pombe haikuwa na povu.
"Dunlaith," alisema, "ulikoroga vizuri?"
"Nilikoroga, bwana. Mwiko wangu haujavunjika."

Sikukusudia. Ulimi hauna mfupa.
Lakini alicheka, kicheko kifupi,
akafungua ile sufu, akakitua kikombe juu ya jiwe,
akashuka kinamasini peke yake, bila mwenge,
bila kuhesabu hatua.

Mto ulirudi wakati wa kupanda.
Mfalme mwingine amekwisha kuolewa; mwiko wake
eti asile tufaha akiwa amesimama.
Wanacheka tena.
Mimi nakoroga. Kando ya pipa
naweka kikombe kimoja ambacho hakuna anayekigusa,
na asubuhi
nakikuta nusu.