Mifuko Arobaini na Mmoja

Saa kumi na mbili jioni nimegeuza kibao,
nimezima taa ya dirishani.
Nje theluji ya Nebraska inafagia barabara
ambayo haina mtu,
ila mbwa wa Kasparek, anayezunguka tu.

Leo ni tarehe kumi na nne. Kesho, kabla sijachemsha kahawa,
muuzaji wa jumla atatia mkono kwenye akaunti yangu
bila hodi,
atoke na dola elfu thelathini na nane.
Bima nayo italipa. Bima hulipa.
Hulipa siku ya ishirini na sita, ikikumbuka,
na ikikumbuka, hupunguza.

Arlys anayenifanyia hesabu,
miaka sabini na mmoja, penseli nyuma ya sikio,
alifunga faili akanitazama kama daktari:
“Hujafilisika, Marvene. Umebanwa pumzi.
Faida ipo. Imelala rafuni.
Nenda kaiamshe.”

Basi nimevua viatu, naiamsha.

Chupa nne za dawa ya macho
aliyoipenda daktari mmoja tu, naye kahamia Arizona:
zirudi kiwandani kabla ya Machi, bado zina thamani.
Manukato ya Krismasi, ya Krismasi ipi sijui.
Magongo sita. Nani aliagiza magongo sita?
Mimi. Saini ni yangu.
Na kwenye friji, sindano za sukari:
kila boksi linalotoka linanila dola kumi na nane,
nami nalikabidhi kwa mikono miwili, nikitabasamu.

Kisha rafu ya nyuma ya kaunta,
mifuko myeupe iliyopangwa kwa majina,
dawa zilizohesabiwa, zikafungwa, zikangoja.
Siku kumi zikipita, kanuni inasema,
futa dai la bima, rudisha dawa rafuni, usiagize nyingine.
Nimehesabu arobaini na mmoja.
Jiji zima la wasiokuja, limekaa kimya mgongoni mwangu
nikikopa benki.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndiyo.
Lakini baba alikuwa na madaftari saba, yamo humu kwenye saraka,
wino wa buluu, mwandiko wa padri.
Mali iliisha, na habari alikuwa nazo.
Nusu ya majina hayo sasa yako makaburini,
juu ya kilima, yamechongwa vizuri, hayadaiwi.

Nimepiga simu kumi na tisa.
“Naja kesho.” “Nilidhani nimeshachukua.”
“Binti yangu amenitafutia ya bei nafuu, mtandaoni,
usikasirike.” Sikukasirika. Nilikasirika.

Dale Hruska hakupokea simu. Alikuja mwenyewe,
akagonga kioo kwa ufunguo wa trekta.
Alitakiwa kuchangia dola arobaini na saba.
Akaweka kumi na mbili juu ya kaunta, nyingine senti,
akasema zilizobaki ndama wakiuzwa.
Dawa ya deni ni kulipa, najua, Arlys, najua.
Lakini hii ni dawa ya presha,
na presha haisubiri ndama.
Nikamwandikia kwenye daftari. La nane.

Jumla ya usiku: dola elfu mbili, mia tisa na kumi na moja.
Kesho saa mbili zitakuwa zimekwenda,
ila mwezi huu sitaagiza nilicho nacho.
Ni pumzi moja. Mwenye pumu hadharau pumzi moja.

Mfuko wa mwisho ulikuwa wa Emil Kasparek, vidonge vya moyo.
Jumatatu nilikuwa kwenye maziko yake,
nikala keki ya plamu chini ya kanisa, nikamsifu,
na mfuko wake uko hapa, umepangwa chini ya K.
Nimefuta dai. Nimeandika tarehe mpya.
Nimebandua jina lake kwa ukucha,
na kibandiko hakikutoka chote.
Imebaki “Emi”, na kipande cha mstari unaosema
kunywa kila siku, asubuhi.

Mbwa bado yuko nje.
Natafuta viatu vyangu.