Dunguni, Liwale

Usiku wa tatu dunguni, mahindi yamebeba,
nikasikia bua likivunjika.
Miguu ilijua kabla yangu.
Mate yakakauka, magoti yakaanza kunong'onezana,
nami, Somoe binti Likwena, niliyemfokea mwenyekiti
mbele ya mkutano wa bei ya korosho,
nikashindwa hata kuligonga debe
lililokuwa mapajani pangu.

Tembo hawakuonekana. Walisikika tu,
matumbo yao yakinguruma kama mashine ya kusaga
iliyo kijiji cha pili.

Wakati huo hofu ilikuwa kazini.
Ilihesabu: mtoto, huyu hapa, kalala juu ya kanga.
Kibatari. Mistari sita ya karanga.
Ngazi, na kipandio chake cha tatu kilichooza.
Mume wangu, aliyeko Nachingwea, haikumhesabu.
Nikastaajabu.

Kulipokucha, nusu ya shamba ilikuwa imelazwa chini.
Bi Mwanahawa akaniuliza, "Uliogopa?"
Sana, nikamwambia.
Sikumwambia kuwa ndani ya woga ule
niliisoma orodha ya nivipendavyo,
imeandikwa kwa mkono nisioujua,
wala haikuwa ndefu.