Kengele ya Falzur

Kwenye ramani ya bodi ni uzi wa buluu,
mfupi kuliko jina lake lenyewe.
Kilomita kumi na moja, nukta nne.
Nimeupima kwa miguu, viatu vikilia chwachwa,
tangu pale barafu kuukuu inapotokwa jasho
chini ya kilele cha Montsel
(jasho jeupe, la unga wa mawe,
ukilinywa meno yanasaga)
hadi unapojitupa Adige bila hata kuaga.

Hauna mamba, hauna mtumbwi.
Mtoto wa miaka saba anauvuka kwa mruko mmoja.
Lakini watu wa bonde wameugawa kama urithi:
msumeno wa akina Tschenett una Jumatatu na Alhamisi,
miaprikoti ya Notburga ina saa tatu za usiku,
trauti wana masalio,
na bomba la kampuni ya umeme, nene kama pipa,
lina siku zote.

Mfereji unaambaa ubavu wa jabali,
upana wake shubiri tatu,
mlinzi wake Ingenuin, mwenye jembe na goti bovu.
Ameweka gurudumu dogo majini;
likizunguka, nyundo inagonga kengele ya ng'ombe,
ngo, ngo, usiku kucha, chini ya dirisha lake.
Nikamuuliza, unalalaje na kelele hizi?
"Kila mtu na mto wake wa kulalia," akasema.
"Kinachoniamsha mimi ni kimya."

Usiku wa tarehe kumi na tisa Agosti
kimya kiliniamsha hata mimi.
Tukapanda na taa. Siku zote huwa ni jani,
tawi, au mzoga wa kicheche.
Safari hii mfereji ulikuwa safi
kama sahani iliyolambwa.
Hapakuwa na cha kuzibua.
Huko juu mtu asiyetujua alikuwa amefunga vali,
akingoja bei ya umeme ipande asubuhi.

Ingenuin akalitazama jembe lake
kama kibogoyo aliyezawadiwa mswaki.
Akaketi. Goti likalia badala ya kengele.

Fomu yangu ina safu: MATUMIZI YA MTO.
Nimeandika: kumwagilia. Kupasua mbao. Umeme.
Ikabaki nafasi, kama nusu sentimita.
Nikabana mwandiko, nikaongeza:
kumlaza mzee mmoja.

Mkuu wangu amelikata kwa kalamu nyekundu
na pembeni ameuliza:
lita ngapi kwa sekunde?