Nafasi Tupu

Saa ya maktaba ni moja tu, kisha skrini
inakufunga mdomo katikati ya sentensi.
Nimechoka. Hamsini na moja nimeshatimiza,
na jikoni mwa shule, hapa Netherfield, nimemenya viazi
vya kutosha kuizungushia Milton Keynes yote.
"Nitaunda yangu," nikamwambia Khelef.
Akacheka. "Mama, laptopu si zinauzwa?"
Zinauzwa. Hata wali unauzwa.

Prosesa nilitangulia kuinunua, na hilo ndilo kosa,
kwa bwana mmoja wa Bletchley, Gareth, mlangoni kwake,
imefungwa foili kama kipande cha keki ya harusi.
Chini yake pini zaidi ya elfu, moja imelala.
Nikainyanyua kwa sindano ya kushonea,
pumzi nimeibana, kama amtoaye mtoto mwiba.
Ndipo nilipojua: nimenunua mguu,
sasa nasaka kiatu.

Maana si kila ubao una soketi yake.
Ubao mama, ndivyo wauitavyo, na ni kweli:
kila aliyemo humo ndani anakula kwake,
feni, ramu, diski, hata kile kitaa cha kuwashia,
na akiugua yeye nyumba nzima inalala njaa.

Dukani kijana akanilazia mbao mbili mezani.
Nikaziinamia. Wallahi ni mji wetu huu
ukiutazama kutoka ndege ya kurudi Luton:
barabara zimenyooka, zimekatana, kapasita zimekaa kama vipilefti,
uchochoro hakuna,
na mimi miaka kumi na minne bado napotea.

Wa kwanza, pauni hamsini na nne. Nafasi mbili za ramu,
zote zingejaa siku hiyo hiyo.
Wa pili, sabini na tisa. Nafasi nne.
(Palikuwa na wa tatu, una mataa kama gari la maharusi.
Huo tuliuacha ulipo.)

Yaani pauni ishirini na tano nzima
nilipie matundu mawili matupu!
Nikamkumbuka kaka yangu Makame, na nyumba yake ya Wete,
nondo zimechomoza juu ya paa miaka kumi na tisa
zikingoja ghorofa. Kunguru wanatua,
kutu inateremka ukutani kama wanja uliolowa.
Kila nikimpigia nilimsimanga: "Zikate, zinatia aibu."
Naye: "Nikizikata, nimesema nyumba imekwisha."
Nilidhani ni maneno ya mtu asiye na saruji.

Kijana akauliza, kompyuta ni ya kazi gani?
"Ya kuandika," nikasema. "Na ya sijui."
Hiyo ya sijui ndiyo iliyolipa zile ishirini na tano.

Jumapili, juu ya zulia la chumbani.
Soketi ikafungua kinywa, prosesa ikaingia
bila kusukumwa, kama mtu aliyefika kwao.
Skrubu moja ikakimbilia mvunguni.
Nikainama, sharti ni sharti,
nikatoka na skrubu, na hereni
niliyoililia tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Mara ya kwanza haikuwaka.
Nilikaa kitako, mikono mapajani, kama niliyefiwa.
Khelef hakusema neno, akanyoosha kidole tu:
swichi ya nyuma, mama.
Feni zikavuta pumzi.

Halafu akamulika ndani kwa tochi ya simu.
"Na hizi mbili, mbona tupu? Za nini?"
"Ghorofa," nikamwambia.
Hakuelewa. Nikachukua simu.
Wete ilikuwa saa nne usiku, na Makame hulala mapema.
Nikaiacha iite.