Chumba cha Mvuke

Nyuma ya kabati la daftari, posta kuu ya Petersburg,
kuna mlango mfupi. Kila aingiaye huinama,
hata asiye na adabu.
Ndani tuko watano, na birika haliondoki motoni.
Walio nje hudhani tunakunywa chai.

Kazi yangu ni lakiri.
Barua unaishika juu ya mvuke
kama unavyomshika mtoto mwenye homa,
si karibu, si mbali,
mpaka muhuri ulegee wenyewe
kama mtu aliyechoka kukana.

Nilipoajiriwa nilidhani dola ni farasi,
ni mjeledi, ni minyororo ikilia kwenye theluji
njia nzima mpaka Siberia.
Vyote vipo. Nimeviona vikipita dirishani.
Lakini nchi hii, huku watu wakivua viatu walale,
kule wenzao wanakamua ng'ombe wa alfajiri.
Mjeledi gani una mkono mrefu hivyo?

Hatukamati wengi. Katika mia, mmoja.
Hao wengine tunawafungia bahasha zao,
na pembeni tunaacha kikunjo
kisicho cha mwandishi.
Makusudi. Bwana Strizhakov ndiye aliyetufunza:
"Usiifunge ikafungika sana."

Basi barua zikabadilika.
Mwalimu wa Tambov, aliyekuwa akiuliza
kwa nini mkulima azikwe na deni lake,
siku hizi anaandika habari za baridi yabisi.
Mjane wa Kazan anamshukuru Kaisari kwa mvua.
Mwanafunzi mmoja kamwandikia mchumba:
nakupenda mno, na serikali pia naipenda.
Tulicheka siku ile. Kisha tukatazamana,
kila mmoja akihesabu nani amecheka zaidi.

Jumanne moja ya Oktoba ikaja bahasha ya kijivu,
mwandiko wenye herufi za kulalia kushoto.
Dada yangu Glafira, wa Vologda.
Anayeandikiwa: mimi.
Utaratibu hauna undugu. Nikaishika juu ya mvuke.

*Ndugu yangu Pankrati, sisi wazima.
Ng'ombe amezaa. Shemeji yako yuko safarini.
Kabichi mwaka huu zimekubali.*

Glafira hana shamba la kabichi.
Walilichukua mwaka juzi, kodi ya kichwa,
na shemeji yangu hajawahi kuvuka mto.

Niliielekeza karatasi kwenye taa,
nikainusa kama ina maji ya limau,
nikatafuta katikati ya mistari
kama ninavyotafuta kwa watu wengine.
Hamna. Alijua nani atasoma.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
na mimi nilikuwa nimevaa koti la posta,
vifungo sita vya shaba, tai mwenye vichwa viwili kila kimoja.

Nikaifunga vizuri. Ikafungika sana.
Strizhakov akaichukua, akaigeuza,
akaikunja ncha kwa ukucha wa kidole gumba.
"Yako hii," akasema, na kuitupa kapuni.

Kesho yake tarishi akaileta nyumbani.
Ustinya, mke wangu, akafuta mikono yenye unga,
akakiona kikunjo, asikitaje.
"Wanasemaje?"
Ukuta wetu na wa jirani ni ubao mmoja.
Nikajibu kwa sauti ya kufika upande wa pili:
kabichi mwaka huu zimekubali.