Ukoko

Dada yangu Logose alirudi kutoka Valensia
na masanduku mawili na neno moja
ambalo hakutuambia maana yake.
Miaka tisa alimwogesha bibi wa watu,
Donya Amparo, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
akamchana nywele, akamsomea majina ya dawa,
na kila Jumapili akasimama jikoni
huku bibi, kitini, akiuamrisha moto.

"Msiite pilau," alituonya.
"Pilau hufunikwa. Huu haufunikwi.
Na ukiugeuza, bibi anakuchapa mkongojo."

Mbale haina sufuria ya namna hiyo,
pana kama ungo, kina cha vidole viwili.
Tukaenda kwa Wamimbi, fundi wa kuchomelea,
kwenye barabara iendayo Kumi.
Akakata mfuniko wa pipa, akaugonga hadi saa nane,
akauliza, "Hili ni dishi la televisheni?"

Mchele hatukununua. Sisi ni watu wa Doho;
mchele ndio uliotusomesha, ndio uliotupinda migongo.
Sungura tulipata kwa Nabifo. Kuku tulikuwa naye.
Zafarani ilitushinda. Mwenye duka alicheka,
akatupimia bizari: "Rangi ni rangi."
Kule huchoma kuni za michungwa,
sisi tukachoma za mibuni iliyozeeka.

Ila konokono.
Logose alitoka na tochi mvua ilipokatika,
akarudi na beseni,
na majirani sita nyuma yake.
Mama akasema neno la Kinyole
lisilo na tafsiri ya heshima.
Beseni likawekwa nje, likafunikwa sinia,
sinia likawekewa tofali.

Sasa, habari ya ukoko.
Kwetu ukoko ulikuwa wa mwisho.
Wali mweupe kwa wageni, wali mweupe kwa baba,
nasi tuliotoka kuamia ndege, sauti zimekauka,
tukapata uliosalia.
Mama alibaki na sufuria na kijiko,
kwaru, kwaru, gizani.
"Mimi napenda huu," alisema,
nasi tukamwamini,
maana kuamini kulikuwa na shibe yake.

Jumapili ya kwanza kule Valensia
bibi alikwangua chini ya sufuria
akakiweka kile kigumu mbele ya Logose,
kabla ya mwanawe, kabla ya padri.
Dada akajua ametukanwa.
Wiki nzima alimwogesha bila kumsemesha,
hadi Jumapili iliyofuata, alipowaona wajukuu,
wanaume wazima wenye ndevu,
wakiupigania ukoko kwa uma.
Sokarrati, wanauita.
Neno lenyewe linakwaruza koo.

Uani petu akapiga magoti, akatega sikio.
"Maji yakiisha, wali hunong'ona,
kama mvua inayoanza juu ya bati.
Hapo usiogope. Hesabu."
Akahesabu kwa Kihispania, midomo tu.
Wamimbi, aliyekuja kuikagua kazi yake,
akahesabu naye kwa Kigisu, akamtangulia.

Kisha akakwangua.
Kipande kipana kama kiganja,
rangi ya chai ya rangi, kinang'aa mafuta,
akakitua katika sahani ya mama.
Wageni bado hawajapakuliwa.

Mama akakitazama.
"Mpaka leo?" akasema.

Logose akafungua mdomo aeleze
Valensia, bibi, ndevu, uma,
akaufunga.

Mama ana meno manne.
Alikivunja, akakiweka ulimini,
akasubiri kilainike, nasi tukamsubiri,
wali wetu ukipoa.
"Sikuwahi kuupenda," alisema.
Akamega tena.
"Lakini huu una chumvi."

Asubuhi tofali lilikuwa palepale,
sinia palepale, beseni tupu.
Njia nyembamba ya kung'aa ilipanda ukuta,
ikapinda kwenye dirisha la jikoni, ikasita kidogo,
ikaenda zake kwa Nabifo.